Desa la mikataba ya nyuklia linalouzwa Tanga: linunue, ila lisome na kalamu mkononi

Kwenye steshenari za Ngamiani, na zile zilizo jirani na shule za sekondari mjini Tanga, linauzwa desa la kurasa 44 kuhusu msimamo wa Tanzania katika mikataba ya kimataifa ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Ni karatasi za A4 zilizopigwa kopi pande zote mbili, gamba gumu la bluu, plastiki ya kuzunguka mgongoni. Bei ni shilingi 4,000. Bila gamba linatolewa kwa 3,000. Wanunuzi wake wakubwa ni wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma GS (General Studies), pamoja na wanaojiandaa na midahalo ya shule kwa shule. Jina la mtunzi halimo. Mwaka wa kuandaliwa nao haumo, na hiyo ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana: nchi moja inaridhia, nyingine inafuta kuridhia kwake, na msomaji wa desa lisilo na tarehe hajui anasoma hali ya lini.

Mtunzi, awe nani, si mbabaishaji. Sura ya Pelindaba, yaani mkataba wa kuifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia, na ya ukaguzi zinaonyesha mtu aliyesoma mikataba yenyewe, si muhtasari wa mtu mwingine. Tatizo kubwa liko kurasa za 3 hadi 10, na bahati mbaya hapo ndipo swali lenyewe linapojibiwa: Tanzania ina msimamo gani?

Ukurasa wa 3 umeanza vibaya

Sentensi ya kwanza inadai kwamba Tanzania iliunga mkono Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, yaani NPT, tangu siku ya kwanza. Si kweli hata kidogo. Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio namba 2373 la kuupokea mkataba huo na kuzihimiza nchi zijiunge nao. Nchi 95 ziliunga mkono, 21 hazikuelemea upande wowote, na nne zikakataa katakata: Albania, Cuba, Tanzania na Zambia. Mkataba ulipofunguliwa kwa saini tarehe 1 Julai 1968 katika miji ya London, Moscow na Washington, Kenya ilisaini siku hiyohiyo. Tanzania haikusaini. Ulipoanza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970 Tanzania ilikuwa nje, na ilibaki nje hadi 1991.

Mtunzi ameificha kura hiyo pengine kwa kudhani inaichafua nchi. Mwanafunzi akiielewa ndipo msimamo mzima unapomfungukia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

NPT una ibara 11. Ibara ya I inawakataza wenye silaha za nyuklia kumpa mtu mwingine. Ya II inawakataza wasio nazo kuzipokea au kuzitengeneza. Nani ana silaha na nani hana kunaamuliwa na Ibara ya IX: mwenye silaha ni yule aliyekuwa ametengeneza na kulipua bomu la nyuklia kabla ya 1 Januari 1967. Hao ni watano: Marekani, Muungano wa Kisovieti (sasa Urusi), Uingereza, Ufaransa na China. Aliyechelewa amechelewa. Ibara ya VI ndiyo malipo waliyopewa wasio na silaha: kila nchi mwanachama inaahidi kuendesha mazungumzo kwa nia njema ya kukomesha mashindano ya silaha na hatimaye kuziondoa. Haina tarehe, haina ratiba, haina adhabu. Asiye na bomu anafungwa leo leo. Mwenye bomu anaahidi kuzungumza.

Hilo ndilo lililolalamikiwa na nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwa zilizofika hadi kupiga kura ya hapana. Ni pingamizi dhidi ya mkataba usio na usawa, wala si tamaa ya kuwa na bomu. Tahadhari: msizitie zile nchi nne kapu moja. Albania wakati huo ilikuwa upande wa China katika ugomvi na Moscow, na Cuba ilikuwa na hesabu zake na Marekani. Mtahiniwa akiandika kwamba zote zilikataa kwa sababu moja, amebadilisha kosa la desa kwa kosa lingine.

Ushahidi kwamba hapakuwa na tamaa ya bomu unapatikana miaka michache nyuma. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara nchini Algeria, na Afrika ikapiga kelele. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalikubaliana kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji, na Tanganyika ilisaini mkataba huo mwaka huohuo, kabla ya Muungano. Julai 1964 wakuu wa nchi za OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) walitoa tamko mjini Cairo la kuifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia. Nchi iliyosaini marufuku ya majaribio mwaka 1963, ikawa ndani ya tamko la 1964, kisha ikakataa NPT mwaka 1968, haikugeuka. Ilikuwa inasema jambo lilelile kwa mara ya tatu: silaha hizi ziondoke kwa wote.

Kutoka hapo desa linaruka hadi 1991 kwa aya moja. Linapita mwaka 1984 bila hata kuutaja, ilhali tarehe 22 Mei mwaka huo viongozi sita walitoa tamko la pamoja kuzitaka nchi zenye nyuklia zisimamishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wa silaha hizo. Walikuwa Raúl Alfonsín wa Argentina, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Indira Gandhi wa India, Miguel de la Madrid wa Mexico, Olof Palme wa Sweden na Julius Nyerere wa Tanzania. Januari 1985 likafuata Tamko la Delhi. Indira alikuwa ameuawa Oktoba 1984, na nafasi yake ilishikwa na mwanawe Rajiv. Kwa swali la nchi ndogo inavyoweza kusikika katika siasa za dunia, mfano huu una uzito kuliko aya zote za ukurasa wa 5.

Kuhusu 1991 kwenyewe, desa linasema Tanzania ilijiunga kwa sababu Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, basi. Ongeza Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ilisema mwaka 1990 kwamba ingejiunga iwapo nchi nyingine za kusini mwa Afrika nazo zingejiunga. Zambia na Tanzania ziliingia 1991, na Afrika Kusini ikafuata tarehe 10 Julai mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alikiri bungeni kwamba nchi yake ilikuwa imetengeneza mabomu sita na kuyavunja yote. Kwa nchi iliyokuwa mstari wa mbele, huo ulikuwa usalama wa jirani, mbali na kanuni za mkataba. Kwa taarifa, wale wanne wa 1968 wote waliishia ndani: Albania 1990, Zambia na Tanzania 1991, Cuba 2002.

Marekebisho ya ukurasa wa 3, kwa kalamu: futa sentensi ya kwanza, andika pembeni "1968 ilikataa, 1991 ilijiunga, sababu: Ibara VI na IX". Inatosha kukukumbusha.

Jedwali la ukurasa wa 9

Jedwali hili ndilo linalopigwa kopi na kugawana darasani, na ndilo baya zaidi. Lina safu tatu: mkataba, mwaka wa mkataba, na "mwaka wa kujiunga". Hiyo safu ya tatu imebeba vitu vinne tofauti kana kwamba ni kimoja: kusaini, kuridhia, kujiunga baadaye bila kusaini kwanza, na uanachama wa shirika.

Kosa la kwanza: NPT umeandikiwa 1976. Mwaka 1976 Tanzania iliingia kwenye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao Vienna. Kuwa mwanachama wa IAEA si kuwa ndani ya NPT. India, Pakistan na Israel ni wanachama wa IAEA na hazimo ndani ya NPT mpaka leo. Kata 1976 hapo, weka 1991.

La pili linahusu mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ule uliopitishwa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122 na kuanza kufanya kazi 22 Januari 2021. Desa linaandika kwamba Tanzania imejiunga 2019. Ilichofanya tarehe 26 Septemba 2019 ni kusaini. Chini ya Katiba yetu, Ibara ya 63(3)(e), ni Bunge linalojadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mjumbe wetu akisaini New York, bado mkataba unatakiwa ufike Dodoma, ujadiliwe, kisha hati ya kuridhia ipelekwe kwa mtunza mkataba. Nchi iliyosaini tu haibanwi na masharti yote. Inawajibika kutofanya jambo la kuuvunja mkataba makusudi yake. Kwenye mdahalo, mpinzani makini atakukamata hapa. Andika "saini 2019", na siku ya kwenda jukwaani angalia upya kama kuna kilichoongezeka.

Mistari mingine, ikisahihishwa, iwe hivi: Mkataba wa Pelindaba, Tanzania iliridhia 1998. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, CTBT, ilisaini na kuridhia 2004. Mkataba wa ukaguzi na IAEA pamoja na Itifaki ya Nyongeza (inayowaongezea wakaguzi taarifa na nafasi ya kuingia), vyote viwili vilianza kufanya kazi siku moja, 7 Februari 2005.

Halafu kuna kosa la mashine. Nakala nyingi zilizo sokoni ni kopi ya kopi, na wino umekula mikia ya tarakimu. 1 na 7 hazitofautiani, kwa hiyo 1991 inasomeka 1997 na 1998 mkia wake umekuwa doa. Kabla ya kulipa fungua ukurasa wa 9 papo hapo kaunta. Kama 1 na 7 hazijitenganishi, omba nakala iliyotolewa kwenye faili la kompyuta. Baadhi ya steshenari wanalo.

Sura ya ukaguzi: hapa pesa yako imerudi

Kurasa za 19 hadi 30 zinaeleza IAEA inavyohakikisha kwamba nchi isiyo na silaha haitengenezi silaha. Ni nadra kukuta jambo hili kwa Kiswahili lililonyooka namna hii. Mtunzi ameeleza vizuri kwamba kuingia NPT peke yake hakumleti mkaguzi: Ibara ya III inaitaka nchi ifunge mkataba mwingine, wa ukaguzi, na IAEA, na inatoa miezi 18 tangu mazungumzo yaanze. Tanzania iliingia 1991 na mkataba wake wa ukaguzi ukaanza 2005. Desa halijaunganisha miaka hiyo miwili, nasi tunaiunganisha: ni karibu miaka 14. Nchi nyingi ndogo zilichelewa hivyo, kwa kuwa hazikuwa na kinu cha nyuklia wala fueli ya kukaguliwa na hakuna aliyezisukuma. Anayetaka kuukosoa msimamo wa Tanzania kwa haki aanzie hapa, si kwenye kura ya 1968.

Nchi zenye nyenzo kidogo huongezewa Itifaki ya Kiasi Kidogo, inayosimamisha sehemu kubwa ya taratibu za ukaguzi. Vipimo vyake desa limeviweka sawasawa: kilo 1 ya nyenzo maalumu zinazoweza kupasuka, kama plutoni, tani 10 za urani asilia, tani 20 za urani hafifu sana, tani 20 za thori. Ukivuka kimojawapo, taratibu kamili zinarudi. Ambalo halimo ni kwamba mwaka 2005 Bodi ya IAEA iliikaza itifaki hii: nchi lazima itoe ripoti ya mwanzo ya nyenzo zake, iseme mapema ikiamua kujenga kinu, na wakaguzi waruhusiwe kuja. Tanzania ilikubali toleo lililokazwa mwaka 2009. Chini ya toleo hilo, nchi ikishaamua kujenga kinu, hata cha utafiti, itifaki inaondoka. Kwa mipango ya nishati inayotajwa siku hizi, mstari huo ungestahili ukurasa wake.

Kuhusu urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mtunzi amechanganya mambo mawili. Anasema wakaguzi watahesabu madini ya mgodini kama wanavyohesabu fueli ya kinu, na kwamba keki ya njano, yaani unga wa urani unaotoka kwenye mtambo wa mgodi, ikifika tani 10 Tanzania imevunja itifaki. Sivyo. Ukaguzi kamili huanzia pale nyenzo zinapofikia usafi wa kufaa kutengenezewa fueli au kurutubishwa. Keki ya njano ya kawaida bado inahitaji kusafishwa zaidi na kubadilishwa, na kwa kawaida haijafika hapo, ingawa IAEA imeendelea kubana tafsiri hii kwa mitambo inayotoa keki safi sana. Kinachoihusu keki ni vitu viwili: kuisafirisha kwenda nchi isiyo na silaha za nyuklia kwa matumizi ya nyuklia kunaripotiwa IAEA, kwa kutaja kiasi, aina na inakokwenda; na chini ya Itifaki ya Nyongeza nchi inaeleza mgodi uko wapi, mtambo una uwezo gani na unazalisha kiasi gani kwa mwaka, na wakaguzi wanaweza kuomba kuingia.

Hesabu ya ukurasa wa 26 nayo irekebishwe. Desa linasema tani 10 za keki ni tani 10 za urani. Keki ikihesabiwa kama U₃O₈ (oksidi ya urani), urani ni asilimia 84.8 tu ya uzito, iliyobaki ni oksijeni. Tani 10 za urani ni takriban tani 11.8 za keki. Kwenye taarifa za IAEA hesabu hufanywa kwa urani yenyewe, na mtu wa bandarini anayesoma uzito wa mzigo kwenye karatasi za kontena anapata namba nyingine. Tofauti hii huzua ubishi usio na maana.

Jambo moja zaidi: desa linasema NPT unaikataza Tanzania kuchimba urani. Soma Ibara ya IV. Inatambua haki ya kila mwanachama kutumia nyuklia kwa amani, mradi azishike Ibara za I na II. Ndani ya nchi, mwenye kusimamia mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 2003. Sheria hiyo ilikuja miaka miwili kabla ya mkataba wa ukaguzi kuanza, na mpangilio huo ni wa lazima kuliko wa bahati: bila chombo cha ndani cha kuweka hesabu, hakuna wa kuijibu Vienna.

Pelindaba na bandari

Sura inayosomeka kwa raha kuliko zote. Mkataba ulisainiwa Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukahitaji nchi 28 kuridhia, na ulianza kufanya kazi 15 Julai 2009 Burundi ilipokamilisha idadi. Desa linaeleza sawa kwamba unakwenda mbali kuliko NPT: Ibara ya 3 inakataza hata utafiti wa kutengeneza bomu, ya 7 inakataza kutupa taka za mionzi ndani ya eneo, ya 11 inakataza kushambulia mitambo ya nyuklia. Itifaki zake zinawahusu watu wa nje: wenye silaha waahidi kutozitumia wala kutishia kuzitumia dhidi ya Afrika, na kutofanya majaribio humu. Uingereza, Ufaransa, China na Urusi zimeridhia. Marekani ilisaini 1996, Baraza lake la Seneti halijaridhia.

Lakini mtunzi, akitaka kuwafurahisha wasomaji wa Tanga, ameandika kwamba kwa Pelindaba hakuna manowari wala meli ya kivita yenye silaha za nyuklia inayoweza kutia nanga bandarini kwetu. Mkataba hausemi hivyo. Ibara ya 4 inakataza kuwekwa kwa silaha hizo katika ardhi ya nchi mwanachama, lakini inaiachia kila nchi uhuru wa kuamua kama itaruhusu meli na ndege za kigeni kuzuru bandari na viwanja vyake au kupita. Tanzania inaweza kukataa. Inaweza pia kukubali. Ni uamuzi wa Serikali, si sharti la mkataba. Na kwa kuwa wenye meli hizo wana desturi ya kutothibitisha wala kukanusha kilichomo, swali la mdahalo linaloweza kuibuliwa hapa ni tamu kuliko hilo jibu la mkato la desa.

Ramani ya ukurasa wa 35 haifai. Bahari ya Hindi imekuwa weusi mtupu, Comoro haionekani, na visiwa vya Chagos, ambako kuna kambi ya Marekani ya Diego Garcia, vimefutika pamoja na alama inayosema kwamba suala la umiliki wake limeachwa wazi. Alama hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuweka ramani.

CTBT kwa haraka

Kurasa nne tu, na zinatosha. Kosa moja: kituo cha Dar es Salaam kilicho katika mtandao wa kuchunguza majaribio ya nyuklia, chenye alama RN64, kimeelezwa kuwa kinapima mitetemo ya ardhi. Kinachunguza chembe za mionzi hewani. Katika vituo vya aina hiyo, hewa inavutwa kupitia chujio kwa saa 24, chujio linaachwa saa 24 ili mionzi ya asili ipungue, kisha linapimwa kwa saa 24 nyingine. Mkataba wenyewe haujaanza kufanya kazi, kwa sababu nchi 44 zilizotajwa kwenye kiambatisho lazima zote ziridhie. Tanzania haimo katika hizo 44. Misri imo, imesaini bila kuridhia. Urusi ilikuwa imeridhia, ikafuta mwaka 2023. Desa bado linaihesabu kama imeridhia, na hapo ndipo unapojua kwamba liliandaliwa kabla ya mwisho wa mwaka huo.

Kuhakiki kwa simu

Bando dogo linatosha, maana kurasa ni za maandishi. Fungua treaties.unoda.org, chagua mkataba, kisha nenda kwenye orodha ya nchi. Tanzania usiitafute kwenye T; iko kwenye U, kwa jina la Jamhuri ya Muungano kwa Kiingereza. Wengi hushuka hadi T, wakaikosa, wakaandika kwamba nchi haimo. NPT una watunzaji watatu, London, Moscow na Washington, na nchi inaweza kuonyeshwa tarehe tofauti kwa kila mmoja. Inayohesabiwa ni ya mapema zaidi, na kwa mtihani mwaka unatosha. Angalia pia kama tarehe iko chini ya saini au chini ya hati iliyowasilishwa. Kukiwa na saini bila hati, nchi hiyo haijaridhia.

Mkataba wa ukaguzi hauko huko. Uko kwenye orodha ya IAEA ya hali ya mikataba, faili la PDF lenye jedwali refu. Jaribu T na U zote mbili, na soma safu ya itifaki ya kiasi kidogo ambako toleo lililokazwa limeandikiwa tarehe yake. Namba ya hati ya Tanzania ni INFCIRC/643. Kura ya 1968 unaipata kwenye maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa kwa kuandika A/RES/2373(XXII). Hakuna kati ya hivi kilicho kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo sababu desa la namna hii linauzika.

Toleo la gamba la bluu ndilo la kununua. Lipo jingine la gamba la kijivu, kurasa 32, kwa shilingi 2,500: limekata sura yote ya ukaguzi, likabakiza jedwali la ukurasa wa 9 na makosa yake yote. Hilo liache. Ukiwa na 2,500 tu, mwambie mwenye steshenari akuchapishie NPT wenyewe, hati INFCIRC/140 ya IAEA. Ni kurasa chache, ibara 11, na chenji inabaki.